Mizani

Sanduku lilitoka Kilindini mwezi wa Rajabu.
Afisa wa forodha akalizunguka mara mbili,
akagonga, akanusa, akaandika: samani.
Hakukosea sana. Ndani mlikuwa na mabomba ya alumini
yamefungwa kama miguu ya kitanda,
mifuko mia na kumi ya skrubu na nati,
injini fupi yenye kelele ndefu,
na kitabu kinachosema, ukurasa wa kwanza,
kwamba ndege hizi ni ukoo:
kuna kaka wa viti viwili,
kuna dada wa mabawa marefu, aeleaye injini ikilala,
na kitindamimba, kiti kimoja.
Huyo ndiye tuliyemmudu.

Shekue akampa chumba cha wageni.
Bawa la kushoto lilipitia dirishani;
tuling'oa fremu, tukairudisha, tukaing'oa tena.
Mama Nyevu wa jirani akauliza ni harusi ya nani.

Mimi kazi yangu ni makochi.
Miaka kumi na tisa nimeshona vitu vya kukaliwa;
mara hii nikapewa kushona kitu kisichotaka kukaa.
Kitabu kilidai mshono wa njia mbili,
nikaupitisha kwa cherehani ya miguu
usiku wa manane, Mikindani imepoa,
maana gundi ya bawa haipendi jasho.

Kisha ikaja mizani.
Tuliiazima kwa Kibwana wa vyuma chakavu,
tukaitundika kwenye boriti.
Kila kitu kikapanda: gurudumu, tangi, mkanda wa kiti.
Rangi ya samawati, aliyoiota Shekue tangu chuoni,
ikapimwa ndani ya kopo: kilo tatu na robo.
"Rangi nayo ni abiria," akasema,
akakifunga kifuniko kwa ngumi.

Nikamkumbuka baba.
Yeye alipima kwa vidole,
nane huku, nane kule, akigonga ukingo wa kikombe.
Nikimletea kipande chenye tisa, kahawa ilirudi mezani:
"Umezidisha moja. Huu hauruki, unajikokota."
Nilidhani ni ukali wa uzee.

Ukurasa wa themanini na moja, kwa herufi nene:
rubani asizidi kilo themanini.
Shekue akapanda. Akashuka, akavua viatu,
akavua saa, akatoa funguo, akatoa pumzi.
Tisini na mbili.
Mimi nilitazama sufuria ya mahamri,
nayo ikanitazama.
Wiki tatu alikula papai na maji;
mshale ukashuka hadi tisini, ukagoma.
Asubuhi moja, bila kuniangalia, akasema,
"Hebu panda wewe."
Hamsini na saba, na buibui langu.

Miezi minane nikafunzwa na Kapteni Tsofwa,
mstaafu wa kunyunyizia mikonge dawa,
mtu wa maneno matatu: "Pua. Pua. Pua!"

Na siku ikafika, uwanja wa nyasi
nyuma ya machimbo ya matumbawe, Bamburi.
Shekue alikagua kila nati kwa mara ya mwisho.
Rangi pekee tuliyoiruhusu ilikuwa pale:
tone jekundu juu ya kila moja,
likipasuka, ujue nati imesogea.
Hakuna lililopasuka. Akauachia mkia.

Nyasi zikawa mkeka, mkeka ukawa uzi,
Mshono ukanishika, nikaipita minazi,
Chini Shekue aruka, kilo tisini si kazi,
Baba, nane zimefika, nane nyingine ni hizi.

Niliposhuka nilingoja aniulize habari za huko juu.
Aliuliza jambo moja:
"Linavuta kushoto?"
"Kidogo," nikamwambia.
Akaenda kutafuta spana.